Bima ya mbwa na paka Uingereza: itazame mwaka wa pili

Mbwa wa aina ya Labrador akikatika kano ya ndani ya goti, upasuaji wa mguu mmoja Uingereza huwa kati ya pauni 3,000 na 6,000. Mbwa wa aina ya Dachshund aliyepooza miguu ya nyuma kwa sababu ya diski ya mgongo iliyochomoza huhitaji picha ya MRI, upasuaji na siku kadhaa za kulazwa, na bili ya hospitali ya rufaa huvuka pauni 7,000 kwa urahisi. Paka dume aliyeziba njia ya mkojo hangoji mshahara uingie. Asipozibuliwa ndani ya siku moja au mbili, potasiamu hupanda katika damu na moyo husimama. Kumzibua na kumlaza ni pauni 1,000 hadi 3,000, na zaidi kama ni usiku wa Jumapili. NHS, yaani huduma ya afya ya umma, ya wanyama haipo. VAT ya asilimia 20 nayo imo ndani ya kila bili.

Bei zenyewe hazikukaa mahali pamoja. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza, CMA, ilianza kuichunguza biashara ya madaktari wa wanyama Septemba 2023. Ilikuta kwamba takriban kliniki 6 kati ya 10 sasa ziko mikononi mwa makampuni makubwa, wakati mwaka 2013 zilikuwa 1 kati ya 10, na kwamba bei za matibabu zilipanda kwa asilimia 63 kati ya 2016 na 2023. Ndiyo maana mtu akipata mtoto wa mbwa leo, kabla hata hajanunua bakuli, anaulizwa kama ameshamkatia bima.

Aliyekulia Kenya au Tanzania akisikia bima ya mnyama huwaza bima ya ng'ombe wa maziwa: ng'ombe akifa, unalipwa thamani yake. Hii ni kitu kingine. Inalipia matibabu, na kifo cha mnyama ni kipengele kidogo pembeni, mara nyingi chenye ukomo wa umri wa miaka 8 au 9 kama kifo kimetokana na ugonjwa. Unachonunua ni ahadi ya kulipiwa daktari, na ahadi hiyo ina maumbo manne yanayofanana sana kwenye tangazo.

Umbo la kwanza ni bima ya ajali tu. Mbwa akigongwa na gari au akimeza soksi, inalipa. Akipata kisukari, hailipi hata senti. Ni rahisi, na haidanganyi mtu kuhusu ilivyo. La pili hulipia ugonjwa kwa muda maalumu, kwa kawaida miezi 12 tangu dalili ya kwanza, kisha ugonjwa huo unafutwa kwenye bima moja kwa moja. La tatu hutoa fungu moja la fedha kwa kila ugonjwa, tuseme pauni 4,000, bila kujali miaka. Fungu likiisha, ugonjwa huo nao umekwisha kwa upande wa kampuni. La nne, ambalo kwenye makaratasi huitwa "lifetime", yaani la maisha yote, lina kiwango cha juu cha mwaka kinachojazwa upya kila unapoongeza mkataba, hata kama ugonjwa ni uleule wa mwaka jana. (Usiiite bima ya maisha mbele ya wakala Mswahili, atakuuzia kitu kingine kabisa.)

Mwaka wa kwanza, maumbo matatu ya mwisho hulipa karibu sawasawa. Kwa hiyo anayelinganisha bei siku ya kununua haoni kwa nini moja ni pauni 14 kwa mwezi na nyingine ni 38. Tofauti hutokea mwaka wa pili.

Chukua mbwa mwenye mzio wa ngozi, maradhi ambayo daktari yeyote wa wanyama Uingereza huyaona kila siku. Mbwa hujikuna, huramba nyayo mpaka zinakuwa nyekundu, masikio hutoa harufu. Mzio hauponi, unatulizwa kwa vidonge au sindano maisha yote. Tuseme dawa ni pauni 90 kwa mwezi, na ziara na vipimo ni pauni 300 kwa mwaka. Jumla ni pauni 1,380 kwa mwaka. Ekses, yaani sehemu ya kwanza ya bili unayoibeba mwenyewe, tuseme ni pauni 100 kwa kila ugonjwa kila mwaka. Zinabaki 1,280. Bima ya ajali inalipa sifuri. Bima ya miezi 12 inalipa 1,280 mwaka wa kwanza, halafu sifuri mpaka mbwa afe. Bima ya fungu la pauni 4,000 inalipa 3,840 kwa miaka mitatu, na mwanzoni mwa mwaka wa nne zinabaki pauni 160. Ile ya nne inaendelea kulipa 1,280 kila mwaka, mradi hukuacha mkataba ukatike hata mwezi mmoja.

Hapo ndipo pabaya zaidi. Bima ya miezi 12 ikishaacha kulipa mzio, huwezi kuhamia kampuni nyingine ukadai mzio huo, kwa sababu kwao ni ugonjwa uliokuwepo kabla. Umelipa ada kwa miaka, na sasa una mbwa mgonjwa mwenye bima ya kila kitu isipokuwa ugonjwa alionao. Kwa maoni yetu aina hii ndiyo bidhaa mbaya kuliko zote sokoni, mbaya kuliko bima ya ajali ambayo ni nafuu zaidi, na mbaya kuliko kutokuwa na bima kabisa na kuweka fedha benki. Kasoro yake haionekani mpaka siku unapoihitaji. Ile ya fungu inavumilika kwa jambo moja tu: maradhi ya mara moja yanayopona, kama mfupa uliovunjika au kitu kilichokwama tumboni. Kama fungu ni chini ya pauni 4,000, hata kwa hayo haitoshi.

Neno "lifetime" nalo lisikulaze usingizi. Kuna mikataba yenye neno hilo na kiwango cha pauni 1,500 kwa mwaka, na mingine ina kiwango kikubwa cha mwaka lakini ndani yake kuna kiwango kidogo kwa kila ugonjwa. Tafuta namba mbili: jumla ya mwaka, na kama kuna ukomo kwa kila ugonjwa. Kwa mbwa wa aina zinazojulikana kwa gharama, yaani French Bulldog na pumzi yake, Dachshund na mgongo wake, Cavalier King Charles na moyo wake, Labrador na German Shepherd kwa viungo, usishuke chini ya pauni 7,000 kwa mwaka. Diski moja ya mgongo hula kiwango cha 4,000 kabla mbwa hajatoka wodini. Paka wa kawaida asiye wa ukoo maalumu, 4,000 zinamtosha mara nyingi. Maradhi yake makubwa ni ya uzeeni, figo, tezi ya shingo, kisukari, na hayo hula fedha polepole.

Sasa ada. Tangazo hukuonyesha bei ya mtoto wa mbwa wa wiki 8. Bei hiyo ndiyo ya chini kuliko zote utakazowahi kulipa. Ikianza pauni 35 kwa mwezi na kupanda asilimia 12 kila mwaka, kasi ambayo si ya ajabu kwa bima ya aina ya nne, mwaka wa 12 unalipa takriban pauni 122 kwa mwezi, na jumla ya maisha ya mbwa ni kama pauni 10,100. Paka anayeanza na pauni 15 na kupanda asilimia 10 anafika pauni 57 kwa mwezi akiwa na miaka 15, na jumla ni karibu 5,700. Ndani ya ada hiyo kuna kodi ya bima ya asilimia 12 inayokwenda serikalini.

Bei hupanda kwa sababu kadhaa kwa pamoja. Mnyama anazeeka, matibabu yanapanda bei, eneo unaloishi lina kliniki ghali, na katika kampuni nyingi madai yako mwenyewe ya mwaka jana yanaingizwa kwenye hesabu. Wengi hudhani kanuni iliyoanza Januari 2022, inayokataza kampuni kumtoza mteja wa zamani zaidi ya mteja mpya, inawalinda hapa. Kanuni hiyo inahusu bima ya gari na ya nyumba. Ya wanyama haimo. Na hata ingekuwemo, mteja mwenye mnyama mgonjwa hana pa kwenda, kwa sababu kuhama ni kuuacha ugonjwa nyuma. Kampuni inalijua hilo vizuri kuliko wewe. Unapochagua, basi, uliza kwa maandishi swali hili: je, madai yangu yataathiri ada yangu? Zipo zinazosema hayaathiri, na jibu hilo lina thamani kuliko punguzo la miezi miwili ya kwanza.

Kuna kitu kingine kinachojitokeza mnyama akifikisha umri fulani, mara nyingi kati ya miaka 8 na 10, na mapema zaidi kwa baadhi ya aina za mbwa: mchango wa asilimia. Mbali na ekses, unabeba asilimia 10 au 20 ya kila dai. Bili ya pauni 4,000, ekses 100, mchango wa asilimia 20: kampuni inalipa 3,120, wewe unalipa 880. Kwa hiyo ada inapanda wakati uleule ambao malipo yanashuka. Huwezi kulikwepa, lakini unaweza kuchagua kampuni ambayo mchango unaanza umri mkubwa zaidi, au ambayo hauongezeki baada ya kuanza. Habari hii haipo ukurasa wa kwanza. Iko kwenye hati ndefu ya masharti. Tafuta ukurasa wenye umri wa mnyama.

Faili la kliniki

Madai mengi yanayokataliwa hayakataliwi kwa hila. Yanakataliwa kwa sababu ya sentensi moja kwenye faili la daktari iliyoandikwa kabla ya bima kuanza, au ndani ya siku 14 za mwanzo, muda wa kusubiri ambao karibu kampuni zote huweka kwa magonjwa. Kinachohesabiwa ni dalili, hata kama ugonjwa haukuwa umepewa jina. Ulimpeleka mbwa kupata chanjo, ukataja kwa mazungumzo tu kwamba jana alichechemea kidogo mguu wa nyuma, daktari akaandika. Miezi 10 baadaye kano ya goti inakatika. Dai la kwanza kubwa likifika, kampuni huomba historia yote ya mnyama kutoka kila kliniki aliyowahi kupita, na mtu anakaa chini kuisoma mstari kwa mstari. "Anachechemea" imekutana na "goti".

Kwa magoti, masikio, macho na nyonga kuna kifungu cha pande mbili. Kama mguu wa kushoto ulikuwa na tatizo kabla ya bima, wa kulia nao huhesabiwa ni ugonjwa uleule. Si kifungu cha uonevu kitupu. Mbwa aliyekatika kano upande mmoja ana uwezekano mkubwa wa kukatika upande wa pili, na kampuni zinalijua hilo. Lakini kinawashangaza watu wengi.

Vituo vingi vya kuokoa wanyama na wauzaji wa watoto wa mbwa hukupa wiki 4 au 5 za bima ya bure. Ichukue, lakini ujue ina ndoana. Ndani ya wiki hizo mbwa anapelekwa kupimwa mara ya kwanza, na daktari anaandika kwamba moyo una sauti ya ziada, au pia ya goti inateleza. Ukiendelea na kampuni ileile, mara nyingi hakuna muda mpya wa kusubiri na jambo hilo linabaki ndani. Ukihamia kampuni nyingine kwa sababu ni nafuu kwa pauni 4, jambo hilo linabaki nje milele. Kwa hiyo uamuzi wa kampuni ufanyike kabla ya kuianzisha ile ya bure.

Kwa mnyama mkubwa anayeingia bima kwa mara ya kwanza, omba kliniki ikupe nakala ya historia yake kabla ya kujaza fomu, uisome wewe kwanza. Sheria ya 2012 inayohusu taarifa za mteja wa bima inakutaka uwe mwangalifu usitoe majibu ya uongo kwa maswali unayoulizwa. Ukijibu "hapana" kwa kusahau wakati faili linasema "ndiyo", umeipa kampuni sababu ya kukataa au kupunguza malipo. Kampuni kadhaa hukubali kuliondoa zuio la ugonjwa kama mnyama amekaa mwaka mmoja au miwili bila dalili wala dawa. Kwa kuhara au sikio lililouma mara moja, inawezekana. Kwa mzio, kifafa au maradhi ya moyo, sahau.

Mambo ambayo bima haigusi kabisa: chanjo, dawa za viroboto na minyoo, kuhasi, mimba. Hayo hulipiwa na mpango wa kila mwezi wa kliniki yenyewe, pauni 12 hadi 25, ambao watu wengi huuchukulia kuwa ni bima. Sio. Ni kulipia chanjo kidogo kidogo. Lakini usiuache ukaishia bila chanjo, kwa sababu kampuni haitalipa ugonjwa ambao chanjo ingeuzuia. Meno ni mtego wa aina hiyohiyo: kampuni nyingi zinazolipia ugonjwa wa meno hudai ushahidi kwamba daktari aliyakagua ndani ya miezi 12 iliyopita, na kwamba ulifanya alichoshauri. Daktari akisema "yasafishwe" na wewe ukaahirisha, dai la jino lililooza limeshakufa.

Inalipa au hailipi?

Kwa hesabu ya wastani, haiwezi kulipa. Kampuni za bima Uingereza hulipa zaidi ya pauni bilioni 1 za madai ya wanyama kwa mwaka, lakini hukusanya zaidi ya hapo, zisingekusanya, zisingekuwepo. Anayesema bima "itakurudishia fedha zako" hajafanya hesabu au anauza. Swali linalojibika ni hili: daktari akikutajia pauni 5,000 siku ya Jumanne, utazitoa Ijumaa? Kwa kadi, kwa akiba, kwa mchango wa jamaa, kwa namna yoyote.

Anayeweza kuzitoa bila kuyumba hana haja ya bima ya matibabu. Aweke pauni 40 kwa mwezi kwenye akaunti ya pembeni isiyoguswa, na aanze na fungu, asianze na sifuri. Kasoro ya akiba ni muda: kwa pauni 40 kwa mwezi, baada ya miaka mitano una pauni 2,400 tu, na watoto wa mbwa humeza soksi mwaka wa kwanza. Kasoro ya pili haisemwi sana. Akiba ya mbwa ndiyo ya kwanza kuvunjwa karo ya shule inapofika, au nyumbani wanapopiga simu.

Asiyeweza kuzitoa, na ambaye asingeweza kukubali mnyama auawe kwa sindano kwa kukosa fedha, anunue aina ya nne mapema, kabla ya ziara ya kwanza ya daktari kama inawezekana, na aichukulie kama kodi ya miaka 12. Kama ada ya aina ya nne haiwezekani, tungemshauri achukue ya ajali pamoja na akiba, kuliko ya miezi 12. Ekses kubwa nayo husaidia: kuichagua ya pauni 250 badala ya 100 hushusha ada, na bili ndogo za pauni 180 hazistahili kudaiwa hata hivyo, kwa sababu zinabaki kwenye rekodi ya madai yako.

Wapo ambao jibu lao ni hapana moja kwa moja. Paka wa miaka 11 mwenye figo dhaifu na tezi iliyokwishagunduliwa: utalipa ada ya uzee kwa bima isiyogusa maradhi yake. Kampuni nyingi hata hazimpokei mnyama mpya aliyepita miaka 8 hadi 10. Na anayepokea msaada wa serikali wa kipato aulize kwanza PDSA, shirika linalotibu wanyama bure au kwa bei nafuu kwa wanaostahili walio katika maeneo yake. Vigezo vyake huangalia msaada unaopokea na msimbo wa posta.

Kuna sehemu moja ya bima ya mbwa ambayo tungeinunua hata tusingenunua nyingine: dhima kwa mtu mwingine. Mbwa akikurupuka barabarani na mwendesha pikipiki akaanguka, unayedaiwa ni wewe, na madai ya mtu aliyeumia hayafanani na bili ya goti. Paka hawana sehemu hii. Huhitaji bima nzima ya matibabu kuipata. Uanachama wa mwaka wa shirika la Dogs Trust umekuwa na kinga ya hadi pauni milioni 1, kwa ada ndogo ya mwaka.

Kudai bila kujichongea

Kabla ya matibabu yoyote makubwa yasiyo ya dharura, omba kliniki itume ombi la idhini ya awali pamoja na makadirio ya bei. Inachukua siku kadhaa, lakini inakuondolea kitendawili. Uliza pia kama kliniki inadai moja kwa moja kwa kampuni au unalipa wewe kisha unarudishiwa. Kulipwa moja kwa moja ni makubaliano kati ya kliniki na kampuni, bima yako haiwalazimishi. Kliniki nyingine hutoza ada ya kujaza fomu, na ada hiyo hairudi.

Ukipewa rufaa, angalia orodha ya hospitali ambazo kampuni yako inazitambua. Baadhi hukukata pauni 200 za ziada ukienda hospitali iliyo nje ya orodha yao, hata kama iko karibu zaidi. Katika dharura sharti hili kwa kawaida halitumiki, lakini iandikwe kwenye faili kwamba ilikuwa dharura.

Dawa za muda mrefu usizinunue kliniki kwa mazoea. Una haki ya kuomba cheti cha dawa na kununua kwenye duka la dawa la mtandaoni lenye leseni. Hata baada ya ada ya cheti, vidonge vya mzio au dawa ya moyo mara nyingi hushuka bei kwa kiasi kikubwa. Mwenye bima naye afanye hivyo. Kiwango cha mwaka ni chako, na kila pauni iliyookolewa kwenye vidonge inabaki kwa upasuaji wa Novemba.

Safari ya nyumbani ni jambo la peke yake. Mikataba mingi hufuata mnyama hadi nchi za Ulaya kwa siku chache za mwaka, mara nyingi 90, na kuishia hapo; Mombasa na Dar es Salaam ziko nje. Na kumrudisha mbwa Uingereza kutoka Kenya au Tanzania si chanjo na tiketi tu. Nchi hizo hazimo katika orodha ya zile zenye masharti mepesi, kwa hiyo mbwa au paka huhitaji chipu, chanjo ya kichaa cha mbwa, kipimo cha damu kinachochukuliwa siku 30 au zaidi baada ya chanjo na kuonyesha kinga ya angalau 0.5 IU (kipimo cha kimataifa) kwa mililita, kisha miezi mitatu ya kungoja tangu siku damu ilipochukuliwa. Mbwa huongezewa dawa ya tegu kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia. Anayechukuliwa damu Uingereza kabla ya kuondoka, na akawa na pasipoti au cheti kinachoonyesha matokeo, hana haja ya kungoja miezi hiyo mitatu upande wa pili, na wengi hugundua hili wakiwa wameshafika. Bima haitalipa gharama za mnyama kukaa huko akingoja.

Mkataba mpya una siku 14 za kuufuta na kurudishiwa fedha kama hujadai, na siku hizo ndizo za kusoma hati ya masharti mwanzo hadi mwisho. Dai likikataliwa baadaye, usianze na simu ya hasira. Andika malalamiko rasmi, na uombe daktari aandike barua inayojibu sababu yenyewe ya kukataliwa: kwamba kuchechemea kwa Machi kulikuwa mguu wa mbele, kwamba kulisababishwa na ukucha uliopasuka, na kwamba uchunguzi wa goti siku hiyo ulikuwa sawa. Barua ya namna hiyo hubadilisha maamuzi mengi kuliko kurasa kumi za kueleza jinsi unavyompenda mbwa. Kampuni ina wiki 8 kutoa jibu la mwisho. Likiwa bado hapana, au wiki hizo zikipita kimya, peleka faili kwa Financial Ombudsman Service, chombo huru cha kuamua malalamiko dhidi ya kampuni za fedha, bila malipo, ndani ya miezi 6 tangu tarehe ya barua ya mwisho ya kampuni. Tarehe hiyo iandike kwenye kalenda siku ileile barua inapofika.